Masafa ya tangi moja: pikipiki huenda umbali gani kabla ya kurudi sheli

Masafa ya tangi moja ni umbali ambao pikipiki hutembea tangu tangi lijazwe petroli hadi mafuta yaishe, na hupatikana kwa kuzidisha lita zinazoingia kwenye tangi kwa kilomita ambazo pikipiki hiyo hutembea kwa lita moja. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mjini Dodoma, yaani zile za cc 100 hadi 150 ambazo watu huziita kwa majina ya Boxer na TVS, zina tangi la lita 10 hadi 12 hivi, na zikiwa nzima hutembea kilomita 40 hadi 55 kwa lita. Hesabu ya haraka inatoa kilomita 400 hadi 660, jambo linaloweza kumfanya mtu aamini kwamba ataondoka Dodoma na kufika Dar es Salaam, umbali wa kilomita 450 hivi, bila kusimama njiani. Kwa baadhi ya pikipiki hilo linawezekana, lakini tarakimu hiyo haifai kupangia safari, kwa sababu inahesabu hadi tone la mwisho, na inachukulia kwamba lita moja hutoa kilomita zilezile popote na kwa mzigo wowote.

Tuanze na tone la mwisho. Pikipiki yenye kabureta huwa na koki ya mafuta chini ya tangi, na koki hiyo ina nafasi ya kufungua, ya kufunga na ya akiba, ambayo mafundi huiita rizevu. Ndani ya tangi, juu ya koki, umesimama mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita chache. Koki ikiwa wazi kwa kawaida, petroli huingilia kwenye mdomo wa juu wa mrija huo, hivyo mafuta yakishuka chini ya mdomo huo injini huanza kukatakata ingawa tangi halijakauka. Dereva akigeuza koki kwenye rizevu, mafuta huchukuliwa kutoka kwenye tundu lililo chini kabisa. Rizevu basi si tangi la pili wala si nyongeza ya kiwanda. Ni mafuta yaleyale uliyoyalipia, mara nyingi lita moja hadi mbili, ambayo mrija umeyazuia yasitumike bila wewe kujua.

Hata baada ya rizevu kuisha, hubaki mafuta kidogo. Tangi limeukalia upau wa fremu kama tandiko juu ya mgongo wa punda, kwa hiyo lina mifuko miwili, kushoto na kulia, na koki iko kwenye mfuko mmoja tu, kwa kawaida wa kushoto. Petroli iliyobaki katika mfuko wa pili haina njia ya kuvuka. Ndiyo maana utamwona dereva aliyezimikiwa akiilaza pikipiki kuelekea upande wa koki, akiitikisa mara mbili tatu, kisha akiiwasha na kuondoka taratibu. Amemimina kile kilichokuwa upande wa pili, na kitamfikisha mbele kilomita chache. Kinachowakuta wengi ni kibaya zaidi: wanageuza koki kwenye rizevu, wanajaza mafuta, na wanasahau kuirudisha. Safari inayofuata injini haitoi onyo lolote, kwa sababu akiba imekwisha kutumika pamoja na mafuta mengine.

Kwa hiyo umbali unaostahili kuitwa masafa ya pikipiki yako ni ule unaoishia pale injini inapoomba rizevu. Kuupima ni kazi nyepesi ambayo wachache huifanya. Jaza tangi hadi kiwango unachoweza kukitambua tena, pikipiki ikiwa imesimama wima, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endelea na shughuli zako za kawaida, halafu ujaze tena hadi kiwango kilekile na uangalie pampu imeingiza lita ngapi. Tuseme umetembea kilomita 276 na zimeingia lita 6: pikipiki yako inakwenda kilomita 46 kwa lita. Ikiwa tangi ni la lita 11 na rizevu ni lita moja na nusu, masafa hadi rizevu ni kilomita 437, na rizevu yenyewe ina kilomita 69. Kipimo kimoja hakitoshi, hasa kama kimefanyika mjini tu. Geji ya mafuta nayo isitegemewe sana: kijiti chenye boya ndani ya tangi huyumba barabara inapoyumba, na tangi lenye umbo lile haliwezi kusomwa sawasawa na kijiti kimoja.

Sababu kubwa ya masafa kupungua ni hewa. Nguvu ya hewa inayoizuia pikipiki huongezeka kwa mraba wa mwendo, na anayetoka kilomita 50 kwa saa kwenda 80 hukutana na kizuizi cha mara mbili na nusu. Hapa kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni upepo wa kiangazi, ambao kwa kawaida huvuma kutoka upande wa mashariki. Anayeelekea Gairo na Morogoro kwa mwendo wa kilomita 60 dhidi ya upepo wa kilomita 20 analipa mafuta ya mtu anayekwenda kilomita 80. Anayeelekea Manyoni anasukumwa mgongoni, anafurahia lita inavyodumu, na kama amepangia marudio yake kwa hesabu ya kwendea, atazimikiwa njiani wakati wa kurudi. Njia hiyohiyo ya Manyoni ina bonde la Bahi na kupanda kwa Saranda, ambako ndiko uzito unakodai haki yake. Kwenye barabara tambarare gunia la mahindi kutoka Kibaigwa halili mafuta mengi kama watu wanavyodhani. Hula kila unapoondoka upya na kila unapopanda mlima, kwa sababu injini inainua kilo zote hizo. Abiria wawili wa mshikaki ni vivyo hivyo, mbali na kwamba ni kosa la barabarani. Kwenye mchanga, gia ya pili ikiwa imeshikiliwa kwa muda mrefu, injini huzunguka mno kwa mita chache, na hesabu ya lami haina maana tena. Tairi lenye upepo mdogo, mnyororo mkavu na kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi la Dodoma huongeza hasara, kila kimoja kwa kiasi chake.

Chukua mfano wa Dodoma na Kondoa, kilomita 160 hivi kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Pikipiki yetu ya kilomita 46 kwa lita ingemaliza kilomita hizo 320 na kubakiwa na mafuta ya kutosha. Ikibeba mzigo na kushuka hadi kilomita 36 kwa lita, masafa hadi rizevu yanakuwa 342, na mtu akipinda kidogo kuingia kijijini ameshafika kwenye koki. Katika kijiji kisicho na sheli atapata petroli ya chupa, ambayo, ukiacha hatari ya moto, hana njia ya kujua ni kiasi gani hasa wala kama haikuchakachuliwa kwa mafuta ya taa.

Wengi wetu, hata hivyo, hatujazi tangi. Dereva wa bodaboda hununua mafuta ya shilingi 5,000 asubuhi, na lita ikiwa shilingi 3,000, amepata lita moja na theluthi mbili, yaani kilomita 77 hivi. Masafa yake ni ya noti aliyoitoa, ukubwa wa tangi haumhusu, na kwa kuwa mafuta hayo hayazidi sana kiwango cha rizevu, huishi koki ikiwa imegeuzwa mwaka mzima. Tangi kubwa pia si hoja peke yake. Watalii wanaopita Dodoma na pikipiki kama BMW GS Adventure wana tangi la lita 30, lakini injini zao hunywa karibu lita 5 kwa kilomita 100, hivyo masafa yao ni kilomita 600 hivi, si mbali sana na Boxer iliyojazwa na kuendeshwa kwa upole.

Anayejaza asijaze hadi mdomoni na kuegesha juani. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 10 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka mililita 140 hivi, ambazo zitatafuta pa kutokea. Pikipiki mpya zisizo na kabureta hazina koki ya rizevu, bali taa ya onyo, na pampu yao iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Kuziendesha mara kwa mara hadi zikauke ni kuichosha pampu hiyo, kwa hiyo masafa yake yahesabiwe hadi taa inapowaka.