Kumwiga msanii maana yake nini hasa

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alikuja na daftari lake la michoro tukiwa tumekaa sebuleni watu kama saba hivi, akafungua ukurasa aliochora abiria wamebanana kwenye daladala ya Mbagala, kila mmoja masikio makubwa, mdomo wazi meno yote nje, vidole vimetawanyika huku na huku, yaani ukiangalia tu unajua huyu mtoto amekaa sana na kazi za George Lilanga, yule msanii wetu wa Tanzania. Mi nilifurahi sana. Mgeni mmoja akalipokea lile daftari, akaangalia, akasema "ah, hii si umeiga tu, sio yako." Mtoto akalichukua daftari lake akalifunga. Na mi hilo neno nimeshalisikia mara nyingi mno likitamkwa hivyo, kama vile mtu kakutwa na mali ya wizi, kwa hiyo leo nalieleza.

Kumwiga msanii ni kuchukua namna yake ya kuchora, mistari yake, rangi zake, anavyojaza karatasi, ukaitumia kuchora kitu chako. Maana yenyewe ndo hiyo. Abiria wale mpwa wangu kawaona kwa macho yake asubuhi akienda shule, hajawatoa kwenye picha ya mtu.

Shida ni kwamba kwenye Kiswahili cha siku hizi "kuiga" limeshushwa hadhi, mtu akisema "huyo anaiga" ni tusi. Lakini vuka mpaka kidogo tu. Rwanda na Burundi kwiga ni kusoma, ni kujifunza, mtoto akienda shule ndo anakwenda kwiga, na kwigisha ni kufundisha. Uganda, kwa Kiganda, okuyiga ni kujifunza, na Wanyankole wanasema okwega, maana ileile. Ni mzizi mmoja wa Kibantu, sisi tukabaki na ule upande wa kufanya kama ulivyoona mwenzio anafanya, halafu kwa ule upande wa darasani tukatumia kufunza na kujifunza. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "umeiga tu", nenda kaseme neno hilohilo Kigali, utakuwa umemwambia "umejifunza tu". Mi hii huwa inanigusa sana kwa sababu babu zetu hawakuona tofauti ya hayo mambo mawili, na ukienda kwa fundi yeyote, seremala, fundi cherehani, mchonga vinyago, bado hawaioni. Kijana anakaa pembeni ya fundi miezi na miezi anaangalia mkono unavyokwenda, halafu anafanya vilevile, na hakuna anayemwambia kaiba mkono wa fundi.

Kunakili ni kitu kingine. Hilo ni la Kiarabu, asili yake ni kuhamisha, kutoa kitu hapa kukipeleka pale, ndo maana tuna nakala. Ukinakili picha unaihamisha picha yenyewe, mtu yuleyule, mti uleule, kivuli kilekile. Na hata hiyo sio dhambi, wachoraji wamejifunza hivyo miaka nenda rudi, pale Louvre, jumba la makumbusho la Paris, mpaka leo kuna watu wanaruhusiwa kuweka turubai yao mbele ya picha na kuinakili, ila sharti nakala isiwe na ukubwa sawa na picha yenyewe, isije ikachanganywa nayo. Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi, naye mwaka 1887 alinakili picha za mchoraji Hiroshige wa Japani, ile ya daraja kwenye mvua na ile ya mti wa maua, halafu alipokuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, Ufaransa, 1889 na 1890 akachukua picha zilizochapwa za Millet, mchoraji Mfaransa, hazina rangi hata kidogo, nyeusi na nyeupe tu, akazichora upya kwa rangi zake mwenyewe. Mwenyewe aliona anafanya kazi kama ya mwanamuziki anayepiga muziki uliotungwa na mwingine. Ukiziangalia zile picha wakulima ni wa Millet, lakini rangi na brashi huwezi kukosea ni za nani.

Halafu kuna kughushi, na hapa ndo watu wanachanganya kabisa, wanadhani kughushi ni kuiga kuliopitiliza, yaani ukifanana sana basi umeghushi. Hapana. Ghushi nalo tumelitoa kwa Waarabu, kwao ni udanganyifu, mfano mtu anayechanganya bidhaa mbovu na nzuri halafu anauza yote kama nzuri. Kosa liko kwenye neno unalomwambia mnunuzi. Mfano mzuri ni Han van Meegeren, Mholanzi, huyu alichora picha akadai ni za Vermeer, mchoraji mkubwa wa Uholanzi wa zamani, moja ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Boijmans kule Rotterdam, nyingine ikamfikia Göring, mkubwa wa Wanazi wa Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakamkamata 1945 wakidhani kauza hazina ya taifa kwa adui, na mwaka 1947 akahukumiwa mwaka mmoja jela kwa udanganyifu, akafa kabla hajautumikia. Sasa angalia, ile ya Rotterdam hakuinakili popote! Vermeer hakuwahi kuchora picha ile. Van Meegeren aliitunga mwenyewe, na angeandika jina lake pale chini angekuwa mchoraji tu anayemwiga Vermeer. Kosa lilikuwa ile sahihi.

Kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye hadibodi za mraba kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Miaka minne tu. Zile picha za chui na ndege unazoziona leo zinakausha rangi juani ni kwa sababu kulikuwa na vijana waliokaa naye wakamwiga, kina January Linda, Ajaba Mtalia, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Omari Amonde, kila mmoja akiweka jina lake. Wangeona aibu kuiga, mtindo ungezikwa naye. Na hapohapo, jamani, Lilanga sio wa mtindo wa Tingatinga, hata kama watalii wanaambiwa hivyo, yeye ni Mmakonde aliyeanzia kwenye uchongaji, mashetani yake yametoka kwenye vinyago vya kwao na akayahamishia kwenye rangi, maana yake hata yeye aliiga kwanza.

Kwa hiyo siku nyingine kijana akikuonyesha mchoro na ukaona mkono wa mtu unayemjua, muulize "umemwiga nani?" kwa sauti ileile unayomuuliza mtu amefundishwa na nani. Kama ni nakala sema ni nakala, kama kuna jina la uongo pale chini, hapo ndo sema kaghushi. Mpwa wangu nilimfuata baadaye jikoni, tukalifungua tena daftari, nikamwambia nyuma ya karatasi aandike "kwa kumwiga Lilanga" na mbele, pale kwenye tairi la daladala, aandike jina lake. Akaniuliza yule konda abaki na vidole vitatu au amuongezee.