Kwa nini jiwe la angani hupasuka kabla ya kufika chini

Kila inapotangazwa kwamba asteroidi, yaani jiwe la angani linalozunguka Jua, itapita karibu na Dunia, huulizwa kama itatugonga. Jibu huwa karibu kila mara ni hapana, kwani mpaka tangazo litoke njia yake imekwisha kupimwa. Apophis, yenye upana wa takriban mita 340, itapita Aprili 13, 2029 ikiwa kilomita 32,000 hivi juu yetu, na hesabu zinaonyesha kwamba haitaigonga Dunia kwa angalau miaka 100. Mimi hushughulishwa zaidi na mawe madogo yasiyotangazwa.

Februari 15, 2013, wakati wanaanga wakisubiri asteroidi nyingine ipite salama, jiwe la mita 20 hivi lilitokea upande wa Jua, ambako darubini hazioni, likaingia juu ya Chelyabinsk, Urusi, kwa kasi ya kilomita 19 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hewa haipati nafasi ya kupisha. Hugandamizwa mbele ya jiwe hadi ikafikia joto la maelfu ya nyuzi, na mgandamizo huo, kuliko msuguano tuliofundishwa shuleni, ndio chanzo kikuu cha joto linaloyeyusha uso wake. Mbele kuna shinikizo kubwa mno, nyuma karibu hakuna kitu. Tofauti hiyo ikizidi uimara wa jiwe, nyufa hufunguka, vipande hutawanyika na kukabili hewa kwa eneo kubwa zaidi, navyo hupasuka tena, hivyo kwamba karibu nguvu yote humwagika kwa sekunde chache. Huko Chelyabinsk hayo yalitokea kwenye kimo cha kilomita 30 hivi. Mwanga ulifika papo hapo, lakini wimbi la mshtuko lililovunja madirisha lilichukua zaidi ya dakika moja kufika. Waliokimbilia madirishani kutazama ndio walioumizwa na vioo. Majeruhi walikuwa takriban 1,500.

Vipande vinavyosalia hupoteza kasi, huzimika vikiwa bado juu sana, kisha huanguka kama jiwe lolote lililodondoshwa. Ganda jeusi lililoyeyuka lina unene wa milimita moja hivi, na ndani kungali baridi, kwa hiyo masimulizi ya vimondo kuwasha nyasi moto mimi huyapokea kwa shaka.

Oktoba 2008, asteroidi 2008 TC3, ya mita 4 hivi, iligunduliwa saa zipatazo 19 kabla ya kupasukia juu ya jangwa la Sudan. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walishiriki kuokota mamia ya vipande vyake, na kwa mara ya kwanza jiwe lililopimwa likiwa angani likachunguzwa pia maabarani.