Dohani Isiyotoa Moshi Si Lazima Iwe Safi

Hapa Tanga wengi huamini kwamba tanuri la taka likiwaka kwa moto mkali bila moshi mweusi, hewa inabaki safi. Imani hiyo ina msingi, maana moto mkali huteketeza masizi. Lakini takriban asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na baadhi ya taka zinayo pia. Kwenye joto kali nitrojeni hiyo huungana na oksijeni, zikatokea oksidi za nitrojeni zinazodhuru mapafu. Oksidi iliyo nyingi zaidi kati ya hizo haina rangi. Ndiyo maana mitambo mikubwa hunyunyizia urea, ileile ya mbolea, kwenye gesi yenye joto la nyuzi 850 hadi 1,100, oksidi zikageuka nitrojeni na maji. Macho hayatoshi: omba kuonyeshwa vipimo vya gesi.