Doria za maeneo korofi hupimwaje?

Uhalifu haujagawanyika sawa mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliochambua simu zilizopigwa polisi mjini Minneapolis, Marekani, waliona kuwa karibu nusu ya simu hizo zilihusu asilimia 3 tu ya anwani za mji. Ndipo wazo la doria za maeneo korofi lilipopata nguvu: badala ya gari la polisi kuzungukia wilaya nzima, askari huelekezwa kwenye kona chache zinazojulikana kwa vurugu na wizi.

Kujua kama doria hizo zinasaidia ndiko kwenye kazi. Kamanda akitangaza kuwa wizi umepungua tangu alipopanga askari wake, bado hajathibitisha kitu. Askari hupelekwa mahali hali ikishachacha, na hali iliyochacha mara nyingi hupoa hata bila askari. Isitoshe, wananchi wakiwaona polisi karibu huenda wakaripoti zaidi, na takwimu zikapanda ilhali uhalifu unashuka.

Kwa hiyo watathmini hupiga kura ya bahati nasibu. Maeneo korofi huorodheshwa, kisha kura huamua yapi yaongezewe askari na yapi yabaki na doria za kawaida. Watafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na David Weisburd walifanya hivyo Minneapolis kwa maeneo 110. Mwaka 2009 Philadelphia, mji mwingine wa Marekani, ilichagua maeneo 120 na kuwatembeza kwa miguu askari waliotoka tu chuoni katika nusu yake. Baada ya majuma 12, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 23 ukilinganishwa na maeneo yaliyoachwa.

Lakini wahalifu je, wameacha au wamehama? Hapa ripoti nyingi za polisi huwa kimya, maana aliyeziandika hakutazama mtaa wa pili. Jersey City, Marekani, ambako watafiti walitazama, mitaa ya jirani nayo ilipata nafuu. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, mwaka 2016 mambo yalikuwa tofauti: jaribio lililohusisha vipande 1,919 vya barabara lilionyesha dalili kwamba wizi ulihamia barabara za jirani, wakati uhalifu wa kutumia nguvu haukuonekana kuhama.

Muda nao una neno. Philadelphia, askari walipoondolewa, nafuu ile haikudumu. Anayefunga daftari siku doria inapokoma hawezi kuliona hilo.