Bakteria Hubadilika Kulingana na Mazingira: Maswali na Majibu Kuhusu Vimeng'enya

Kimeng'enya ni nini?

Ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya kiumbe hai. Bakteria huvitumia vimeng'enya kuvunja chakula na kujenga ukuta wa seli. Wengine huvitumia kuiharibu dawa kabla haijawadhuru.

Je, bakteria hutengeneza vimeng'enya vyake vyote wakati wote?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kutengeneza protini kunakula nguvu nyingi, kwa hiyo bakteria hutengeneza zaidi kile anachohitaji kwa wakati huo. Chukua E. coli, bakteria wa utumboni, aliyeoteshwa kwenye sukari ya glukosi: ndani ya seli yake utakuta molekuli chache mno za kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Mwondolee glukosi umpe laktosi, na baada ya dakika chache uzalishaji unapanda, hadi seli moja iwe na maelfu ya molekuli hizo. Ukimpa sukari zote mbili pamoja, atamaliza glukosi kwanza, ukuaji usimame kwa muda, ndipo aigeukie laktosi. Mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod alilichunguza jambo hili Paris mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1961 yeye na François Jacob wakaeleza jinsi jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, zinavyozimwa na kuwashwa, na mwaka 1965 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff.

Ni chakula peke yake?

La. Joto, oksijeni, asidi na madini navyo vina nguvu. Sumu ya dondakoo, kwa mfano, ni kimeng'enya kinachozuia seli za binadamu kutengeneza protini, na bakteria wenye jeni la sumu hiyo huitoa kwa wingi madini ya chuma yanapoadimika. Mwili wetu hulificha chuma lake ndani ya protini, hivyo uhaba huo bakteria huukuta kwetu.

Mimi mgonjwa yananihusu nini?

Yanakuhusu sana, hasa unapopimwa usugu wa dawa. Baadhi ya bakteria aina ya Staphylococcus aureus wana jeni la kimeng'enya kinachozuia antibiotiki ya klindamaisini isifanye kazi, lakini jeni hilo limezimwa. Ukiwapima kwa klindamaisini peke yake, wanashindwa kuota, na jibu linasomeka kwamba dawa inafaa. Antibiotiki nyingine, erithromaisini, ndiyo huliamsha jeni hilo. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa maabara huweka vidonge viwili vya karatasi vyenye dawa hizo karibu karibu kwenye sahani moja ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Duara safi lisiloota bakteria, linalokizunguka kidonge cha klindamaisini, likibonyea upande unaoelekea erithromaisini na kuchukua umbo la herufi D, usugu uliojificha umefichuka, na klindamaisini huandikwa kuwa haifai. Kipimo hiki hakihitaji mashine kubwa, nacho humwepusha mgonjwa na dawa ambayo ingemwangusha katikati ya matibabu.

Joto la maabara nalo linaweza kupotosha majibu?

Linaweza. Usugu wa bakteria huyo huyo dhidi ya dawa za kundi la methisilini hupimwa kwenye nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi. Joto likizidi 35, usugu unaweza usionekane kabisa, ilhali upo.

Nifanye nini ili kipimo changu kiwe sahihi?

Ikiwezekana, sampuli ichukuliwe kabla hujaanza antibiotiki. Kama umeshameza dawa yoyote, hata iliyobaki nyumbani, itaje jina, maana inaweza kuwazuia bakteria wasiote. Mkojo ufike maabara ndani ya saa 2. Ukichelewa, uwekwe kwenye friji, kwani katika joto la kawaida bakteria huendelea kuzaliana chupani na idadi yao haitaonyesha tena hali iliyokuwa kwenye kibofu.