Manjano, shubiri na ini lenye makovu

Hapa Kisumu, swali linaloletwa sana kwenye dirisha la dawa ni kama manjano huondoa makovu ya ini. Kwenye maabara, kwa kiasi fulani, ndiyo. Ini likiumizwa mfululizo, iwe ni kwa chang'aa au kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, seli zake za nyota, ambazo kazi yake ni kuhifadhi vitamini A, hugeuka na kuanza kumwaga kolajeni. Kolajeni hiyo ndiyo kovu. Kurkumini, kiini cha rangi ya manjano, huzituliza seli hizo.

Nikisoma matokeo ya panya, kwanza natafuta sumu iliyotumika. Mara nyingi ni kaboni tetrakloridi, ambayo haiwi kali mpaka kimeng'enya cha ini lenyewe, CYP2E1, kiibadilishe. Dondoo la mmea likikizuia tu kimeng'enya hicho, panya hunusurika na mmea husifiwa kwamba "unalinda ini". Tena panya wengi hupewa dondoo kabla ya sumu. Mgonjwa wetu huja kovu likiwa na miaka.

Halafu kipimo. Unga wa manjano una kurkumini asilimia 3 hivi, kwa hiyo kijiko cha chai cha gramu 3 kina takriban miligramu 90, na nyingi kati ya hizo hutoka na choo bila kufika kwenye damu. Ndiyo maana wauza vidonge huchanganya na piperini ya pilipili manga. Lakini piperini hupandisha kiwango cha dawa nyingine pia kwenye damu, ikiwemo propranolol, dawa ya kushusha presha inayomezwa ili mishipa iliyovimba ya umio isipasuke. Mwenye maji tumboni presha ikimshuka, figo hukosa damu. Na vidonge hivyo vyenyewe vimeshawaumiza ini baadhi ya watumiaji. Manjano ya kwenye mchuzi sina neno nayo.

Silimarini, dondoo la mmea wa miiba Silybum marianum linalosifiwa pia kwa ini, ilipimwa kwa watu 154 wenye homa ya ini aina ya C, hadi miligramu 700 mara 3 kwa siku kwa wiki 24. Matokeo yaliyotolewa 2012 hayakuonyesha nafuu kuliko kidonge kisicho na dawa.

Kwa watu wa ziwani, waosha magari na wachimba mchanga, kuna bilharzia. Mayai ya minyoo hukwama kwenye vijitawi vya mshipa unaoleta damu kwenye ini, kovu huzunguka vijitawi hivyo, wengu huvimba, mtu hutapika damu, na huku vipimo vya ini mara nyingi viko sawa kabisa. Kumpa huyu kitu cha "kulinda seli" ni kukosea shabaha, kwani seli zake ni nzima. Anahitaji dawa ya minyoo, praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na uchunguzi wa umio kwa kamera.

Ninachokataza bila kusita ni shubiri, ogaka kwa Kijaluo, inayonywewa "kukausha tumbo" lililojaa maji. Utomvu wake huharisha. Maji na potasiamu hutoka. Potasiamu ikishuka, figo huzalisha zaidi amonia, taka inayolevya ubongo, na ini bovu haliisafishi. Mgonjwa huanza kulala mchana, mikono ikapepesuka akiinyoosha. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mmea ninaousifu ni maharagwe. Zamani wagonjwa hawa walinyimwa protini, wakaisha misuli, na misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15 hivi, na makapi yake hulainisha choo. Aongeze bakuli la uji kabla ya kulala, maana ini lenye makovu halina akiba ya kufikia asubuhi. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, na maharagwe yachemshwe bila magadi: sodiamu yake huvuta maji tumboni sawa na ya chumvi, ila wapishi wengi hawaihesabu.