Nafasi ya Kwanza Pekee Haikipi Chama Viti

Nimechoka kusikia kwamba chama kikibahatika kuwekwa mwanzo wa karatasi ya kura katika uchaguzi wa uwiano, ambako viti hugawanywa kulingana na kura za kila chama, tayari kimejipatia viti. Wanaodai hivyo hukimbilia mfano uleule: uchaguzi wa Seneti ya Australia mwaka 2013, jimbo la New South Wales, ambako chama kidogo cha Liberal Democrats kiliangukiwa na safu ya kwanza na kuvuna takriban asilimia 9.5 ya kura, pamoja na kiti kimoja.

Mfano ni wa kweli, ila unasomwa kivivu. Karatasi ile ilikuwa na makundi 44 ya wagombea, upana wa takriban mita moja, na haikuwa na nembo za vyama. Mpiga kura aliyekusudia chama kikubwa cha Liberal, akianza kusoma kutoka kushoto, alikutana na neno Liberal papo hapo, akaandika 1, alama ya chaguo la kwanza, na kuikunja karatasi. Huyo hakushawishiwa na nafasi. Alidhani amekwisha kupata alichokuja kukitafuta. Nafasi na mfanano wa majina vilifanya kazi pamoja, na matokeo peke yake hayawezi kuvitenganisha. Hata kushuka kwa chama hicho hadi takriban asilimia 3 mwaka 2016 hakumalizi ubishi, kwa sababu safu, nembo na kanuni za kupiga kura zilibadilika kwa mkupuo mmoja.

Sasa tazama Afrika Kusini mwaka 1994. Chama cha Inkatha kilikubali kushiriki siku chache tu kabla ya upigaji kura, karatasi zikiwa zimekwisha kuchapwa, hivyo kikabandikwa kwa stika chini kabisa ya orodha ya vyama 19. Kikapata takriban asilimia 10.5, yaani viti 43 kati ya 400. Mwisho wa orodha, tena kwa stika! Wafuasi wake walikuwa wakikitafuta, na picha ya kiongozi wake, Buthelezi, ilionekana hata kwa asiyejua kusoma. Nakiri kwamba ukingo wa chini nao ni rahisi kuuona. Ninaowahurumia ni wale wa katikati.

Uswidi nitaipita haraka: kila chama kina karatasi yake, kwa hiyo tatizo ni nani anakuona ukiichukua, ndiyo maana tangu 2019 karatasi hizo huwekwa nyuma ya kizuizi.

Wanaopendekeza mpangilio wa vyama ubadilishwe kutoka kituo hadi kituo wanagawa faida ya nafasi ya kwanza kwa haki, lakini vyama viwili vyenye majina yanayofanana vinabaki kwenye karatasi ileile, na wakala wa chama hawezi tena kumwelekeza mpiga kura wake kwa kuhesabu mistari.